Elimu ya Wakuu wa Biashara na Maji ya Mto Nzoia

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa letu liliulizwa suala ambalo tulidhani tutalimaliza baina ya Maghribi na Isha, nalo likatushika kwa vikao kadhaa. Muulizaji alisema hivi: “Nimesikia ya kuwa huko Nairobi ziko skuli ambazo wanafunzi wake si vijana. Ni wakuu wa makampuni, watu wenye mvi na magari, ambao huketi madarasani siku kadhaa wakafundishwa wajibu wa kampuni kwa jamii inayoizunguka. Je, jambo hili lina maana katika dini yetu, au ni mchezo wa matajiri?”

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Wakasema samaki hukunjwa angali mbichi, na mtu aliyefika miaka hamsini bila ya kujua kwamba dhuluma ni haramu hatafundishwa na mwalimu yeyote. Wengine wakasema jambo hili si letu sisi watu wa pwani, kwani makampuni makubwa si yetu. Sisi twaona kauli zote mbili hazikutulia, na katika kurasa hizi twataka kueleza kwa nini, kisha tuwachukue wasomaji wetu safari ya bara, mpaka Kitale na Bungoma, mahali ambapo suala hili si la madarasani tu bali limo ndani ya maji ya watu, unga wao na mishahara yao.

Kwanza, hilo la kumsomesha mfanyabiashara mtu mzima si uzushi wa Wazungu. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amwie radhi, kwamba alikataza mtu kuuza katika soko la Madina ila awe na fahamu ya hukumu za dini. Tazama basi! Hakumwambia mchuuzi, “Uza kwanza, ukikosea tutakutoza faini.” Alitaka elimu itangulie kibanda. Wala hakusema hivyo juu ya watoto wa chuoni; alisema juu ya watu wazima wenye ndevu, wenye mizigo na ngamia. Na Imamu Abu Hanifa, ambaye sisi Mashafii twamheshimu japo madhehebu yetu ni mbali na yake, alikuwa muuzaji wa vitambaa. Yasimuliwa kwamba mshirika wake aliwahi kuuza nguo iliyokuwa na kasoro akasahau kumwonyesha mnunuzi, na mnunuzi hakupatikana tena, basi Imamu akaitoa sadaka thamani yake yote. Hakutoa thamani ya kasoro tu. Mtu kama huyo ndiye angefaa kuwa mwalimu wa skuli hizo za Nairobi.

Kisha Waislamu wakaweka kazi ya muhtasib, mtu wa kutembea sokoni akikagua mizani, vipimo, maziwa yaliyotiwa maji na mikate iliyopunguzwa unga. Elimu ilikuwa ya muuzaji, na jicho lilikuwa la muhtasib, na kimoja hakikufanywa badala ya kingine. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

Ama skuli za leo, habari zake ni hizi. Mwaka 1953 mtaalamu wa Kimarekani, Howard Bowen, alitoa kitabu juu ya wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii, na wengi humhesabu kuwa ndiye aliyelifungua somo hili katika vyuo vya kwao. Mwaka 1970 mtaalamu mwengine wa huko huko, Milton Friedman, akampinga yeye na wenzake katika gazeti la New York, akashikilia kwamba kazi ya kampuni ni kuleta faida bila ya hila wala udanganyifu, na kwamba msimamizi anayegawa mali ya wenye hisa kwa mambo ya kheri anagawa kisicho chake. Mjadala huo haujesha hata leo. Katika nchi yetu, Kenya, iko Strathmore Business School ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo husomesha wakuu wa makampuni na wa idara. Na sheria nayo imesema. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 143, yamtaka mkurugenzi anapoipigania faida ya kampuni azingatie vile vile matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wanaoiuzia na wanaonunua kwake, na athari ya kazi zake kwa jamii na mazingira.

Soma tena maneno hayo, ewe msomaji. Sheria haikusema mkurugenzi atoe mbuzi wakati wa sikukuu. Imesema azingatie pale anapokata shauri. Wajibu umewekwa mezani mwa baraza la wakurugenzi, kabla ya kalamu kushikwa. Wakuu wengi tunaowasikia, hata waliokwisha kupita katika madarasa hayo, hufahamu kinyume chake. Hufahamu kwamba shauri hukatwa kwa faida peke yake, kisha mwisho wa mwaka fungu dogo la faida hutengwa, kikajengwa kisima, ikapigwa picha.

Husomeshwa vipi? Njia inayotumika sana ni ya visa. Wanafunzi hupewa habari ya kampuni fulani iliyoingia katika tatizo, wakaisoma usiku, na asubuhi wakaulizwa: “Wewe ndiye mkuu, ungelifanyaje?” Njia hii ni nzuri, nayo yafanana na masuala ya fat'wa tuliyozoea. Lakini visa vingi vinavyozunguka katika vyuo vya biashara vya dunia ni vya makampuni ya Marekani na Ulaya. Twasema kwa nini mkuu wa Kikenya aende mbali hivyo, na hali kisa kizima kimetandazwa kando ya mto mmoja?

Mto huo ni Nzoia. Maji yake huteremka kutoka milima ya Cherangani na mlima Elgon, hukata nchi ya Trans Nzoia ambayo mji wake mkuu ni Kitale, huingia Bungoma na kuanguka katika maporomoko ya Webuye, hupita nchi ya Mumias, na baada ya kilomita zipatazo 250 humwagika katika Ziwa Viktoria upande wa Budalangi. Jina la Trans Nzoia lenyewe maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Basi watu wa huko wameunganishwa kwa maji kama sisi tulivyounganishwa kwa bahari: anachotia mtu wa juu, mtu wa chini atakinywa.

Penye maporomoko hayo, mahali palipoitwa zamani Broderick Falls, kilijengwa kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho watu walikiita Panpaper. Mapatano yalifanywa mwaka 1969 baina ya serikali ya Kenya, jamaa wa Birla wa Bara Hindi kwa kampuni yao ya Orient Paper Mills, na shirika la Benki ya Dunia linaloshughulika na mitaji ya makampuni. Karatasi ikaanza kutoka mwaka 1974. Kilikuwa kiwanda kikubwa cha karatasi kuliko vyote Afrika Mashariki. Wengi katika sisi tunaosoma ukurasa huu, daftari tulizoandikia hesabu za skuli karatasi yake ilitoka huko, wala hatukujua.

Karatasi haipatikani ila kwa kuupika mti. Vigogo hukatwa vipande vidogo vidogo, hutiwa katika mitungi mikubwa pamoja na magadi makali na dawa zenye kiberiti ndani yake, vikatokoswa kwa mvuke mpaka nyuzi za mti zikaachana na gundi yake. Kinachobaki ni maji meusi. Na moshi wa upishi huo una uvundo kama wa mayai viza, ambao msafiri wa basi la Malaba aliunusa kabla hajauona mji. Watu wa Webuye walilalamika miaka mingi juu ya uvundo huo, na juu ya mabati ya nyumba zao yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati wake, na juu ya yale yaliyotiwa mtoni. Fikiri wewe maskini uliyejinyima miaka ukanunua mabati ya kuezeka, kisha ukayaona yanatoboka juu ya vichwa vya wanao kwa sababu ya hewa ya jirani yako tajiri. Wala huna wa kumshtaki, kwa kuwa nduguyo, au mwanao, au wewe mwenyewe, unakula mshahara wa jirani huyo.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na hatutaki kuupita mbio. Wako miongoni mwetu waliosema: “Hukumu i wazi. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara. Kiwanda kinadhuru, basi kifungwe.” Haya, kilifungwa. Mwaka 2009 mashine zilinyamaza, si kwa sababu ya uvundo, bali kwa madeni. Ukatoka uvundo, na pamoja nao ukatoka mji. Maduka yalifungwa, vyumba vya kupanga vikawa vitupu, wenye watoto skulini wakakosa karo. Watu wale wale waliolalamikia moshi ndio walioomba moshi urudi, na kila mwanasiasa aliyefika jukwaani Bungoma aliahidi kuurudisha. Mwaka 2016 kiwanda kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, kikaitwa Rai Paper.

Wanazuoni wetu wa fikihi wametufundisha kwamba dhara haliondolewi kwa kuleta dhara jengine lililo sawa nalo. Kwa hiyo mwenye kusema “kifungwe” hajamaliza kazi, na mwenye kusema “kiachwe kama kilivyo, watu wale” hajaianza. Kazi ya mkuu aliyesoma ni ile iliyo baina ya hizi mbili: kuisafisha hewa na maji ilhali kazi inaendelea, kutenga fedha za kusafishia katika hesabu ya mwaka wa kwanza kama anavyotenga fedha za kuni na mafuta, na kuwaambia wenye hisa kwamba faida yao itakuwa pungufu kwa sababu sehemu yake ni bei ya mabati ya watu. Fedha hizo si zao. Mwenye kupata faida kwa kumhamishia jirani gharama hakupata faida. Amechukua mkopo bila ya kumuuliza mkopeshaji. Na twawauliza wale wanaomfuata Bwana Friedman: ikiwa kugawa mali ya wenye hisa kwa kheri ni kugawa kisicho chako, basi kula mabati ya watu wa Webuye kwaitwaje?

Tena tazameni nani walikuwa wenye kiwanda. Serikali ilikuwamo, na serikali ndiye muhtasib. Mkaguzi alikuwa pia mshirika katika duka. Twaona hili lilikuwa kosa la asili kuliko uvundo wenyewe, na ni somo ambalo lafaa kusomeshwa kwa siku nzima.

Si mbali na Webuye, katika Bungoma hiyo hiyo, kiko kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoasisiwa mwaka 1975 kikaanza kusaga mwaka 1978. Habari zake za miaka ya mwisho ni malimbikizo: wakulima waliopeleka miwa wakangoja malipo, wafanyakazi waliofanya kazi wakangoja mishahara. Mwaka 2025 serikali ikakikodisha kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 30, pamoja na viwanda vyengine vitatu vya sukari. Kila Mwislamu ayajua mafunzo ya Mtume wetu juu ya ujira, kwamba mtu apewe chake jasho likiwa bado bichi. Muwa hungoja miezi kumi na minane shambani kabla ya kukatwa. Akingoja mkulima tena mwaka mzima baada ya kukata, jasho hilo limekauka, likatoka chumvi, chumvi nayo ikapeperuka. Kampuni yenye deni la namna hiyo kisha ikatoa mipira na jezi kwa vijana wa mtaa, hiyo si sadaka. Fikihi ya deni yajulikana hata na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: deni lililofika muda wake hutangulia sadaka ya hiari. Mkulima amevishwa jezi iliyoshonwa kwa fedha zake mwenyewe!

Tupande sasa mto mpaka Kitale. Reli ilifika huko mwaka 1926, na nchi yake nyeusi yenye rutuba ilikuwa mikononi mwa masetla. Leo ndiyo ghala la mahindi la nchi yetu. Mwaka 1956 ilianzishwa huko Kenya Seed Company, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara ya mahindi iliyopewa namba 611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, Marekani ya Kusini. Mbegu za namna hii zilizidisha mavuno ya mkulima mdogo na mkubwa, na hiyo ni kheri ambayo hatuna budi kuikiri.

Lakini mbegu chotara ina siri moja. Mkulima akiweka punje za mavuno yake azipande mwaka wa pili, mazao hushuka. Hana budi arudi dukani kila mwaka. Na punje ya mbegu njema na punje ya mahindi ya kawaida iliyopakwa rangi, kwa jicho hazitofautiani. Atajua miezi mitatu baadaye, shamba likiwa limekwisha kumhukumu. Basi biashara ya mbegu yote imesimama juu ya amana, kuliko biashara ya kanzu au ya samaki, kwa kuwa samaki aliyeoza hunuka hapo hapo. Idara ya serikali inayokagua mimea imeweka vibandiko vya kukwangua juu ya pakiti, mkulima apeleke namba kwa simu ajibiwe kama mbegu ni ya kweli. Ni jambo jema. Muhtasib amepewa simu.

Mwaka 2024, wakati wa kupanda, wakulima wa nchi hii, na wa Bonde la Ufa wamo, waligundua kwamba baadhi ya mbolea ya bei nafuu waliyouziwa katika mpango wa serikali haikuwa mbolea kamwe ya kutajika. Shirika la viwango likakamata magunia, serikali ikaahidi kuwalipa fidia waliouziwa, waziri akafikishwa mbele ya kamati ya Bunge, nayo kamati ikaona mashtaka juu yake hayakuthibitika. Sisi hatusemi juu ya waziri. Twasema juu ya kila mkono uliolipitisha gunia lile: aliyelijaza, aliyelishona, aliyeliweka muhuri, aliyelisafirisha, aliyetia saini. Wote hao ni watu wenye vyeo na vyeti. Hapana aliyekuwa jahili wa kusoma.

Na hapa twakumbuka hadithi sahihi ambayo Imamu Muslim ameipokea. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali, naye akajitetea kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamwonyesha kwamba ilimpasa ayaweke juu yale yaliyorowa ili watu wayaone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu ya wafuasi wake. Tafakarini kwamba mtu yule hakutia maji. Ni mvua ya Mungu. Kosa lake lilikuwa kuyaficha chini.

Huko Kitale mvua nayo hunyesha wakati wa mavuno. Mahindi hayafai kuwekwa ghalani mpaka unyevu wake ushuke ufikie asilimia 13.5 au chini yake. Yakiwekwa mabichi huota kuvu, na kuvu huacha sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana wala kunukia, wala haitoki kwa kupikwa, nayo huharibu ini la mwanadamu. Sheria ya viwango yaruhusu sumu hiyo isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni. Novemba mwaka 2019 shirika la viwango lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidi kipimo hicho, na baadhi ya chapa hizo zilikuwa katika majiko yetu hapa pwani, sima yetu ya kila siku. Lundo la Madina, basi, limesafiri kutoka bara kwa lori, likasagwa, likatiwa katika pakiti yenye picha nzuri. Hakuna kidole kiwezacho kuingia humo.

Mwenye kiwanda cha unga asomeshwe nini katika skuli hizo? Asomeshwe kutia mkono wake katika lundo. Awe na kipimo cha unyevu mlangoni, akatae lori lililorowa hata kama bei yake ni ya chini na mshindani wake atalinunua. Bora zaidi, amkopeshe mkulima mashine ya kukaushia, kwani mkulima huuza mabichi kwa kuwa hana pa kuanikia na karo imefika. Huo ndio wajibu kwa jamii. Hauna haja ya picha, na hauonekani ila kwa kutoumwa watu.

Wako watakaosema: “Nyinyi watu wa pwani mwawahubiria watu wa bara, ninyi mlifanya nini huko?” Swali ni la haki. Misafara ya watu wa pwani ilifika Mumias na kuvuka mpaka nchi ya Elgon, ikitafuta pembe. Na yasimuliwa huko Kitale kwamba mahali palipojengwa klabu ya Wazungu palikuwa kituo cha kufungia watumwa waliokuwa wakiteremshwa. Msafara ulikuwa kampuni. Ulikuwa na wenye mtaji waliokaa Mrima na Unguja, mkuu wa safari, mahesabu, hisa na faida. Katika wenye mtaji wale walikuwamo waliojenga misikiti na kuweka wakfu visima. Wakfu ule Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye uzito wake, na sisi hatuhukumu makaburi. Lakini yatupasa tutambue kwamba kisima hakikuwa jawabu ya mnyororo. Mtu aliyefungwa Kitale hakunywa maji ya kisima kile.

Wala hatusemi kwamba kutoa ni kubaya. Mwaka 1951 hapa Mombasa ilifunguliwa MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu, kwa michango ambayo ndani yake mlikuwamo ya Sultani wa Zanzibar na ya Aga Khan, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Skuli ya Allidina Visram imeitwa kwa jina la mfanyabiashara aliyeanza na duka akaishia na maduka mpaka Uganda. Kheri za namna hii zaishi. Twasema tu kwamba Kurani imekwisha kutahadharisha juu ya sadaka inayofuatwa na masimbulizi na maudhi, na sadaka ya kujionyesha, iliyofananishwa na udongo juu ya jabali ambao mvua moja huufagia. Ikiwa sadaka ya halali yaweza kubatilika kwa kusimbuliwa tu, itakuwaje sadaka iliyotolewa ili watu wanyamaze?

Na kunyamazishwa si jambo la bara peke yake. Owino Uhuru iko hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu tangu mwaka 2007 mpaka 2014, risasi ikaingia katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho kushughulika na uhusiano wake na jamii, mtoto wake mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo. Akaiacha kazi akasimama na wanyonge. Mwaka 2020 mahakama ikawapa watu wa mtaa ule fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024, baada ya kesi kupanda na kushuka, Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Yatafakarini mambo haya mawili pamoja. Kiwanda kilikuwa na afisa wa uhusiano na jamii, yaani wajibu ulikuwa na meza na kiti. Kilichokosekana ni mkuu wa kumsikiliza aliyekalia kiti hicho.

Kwa hiyo jawabu letu kwa muulizaji ni kwamba skuli hizo zina maana, na Mwislamu mwenye cheo asione haya kwenda, wala asijali kwamba waliozianzisha si wa dini yake. Bali atakapokwenda aulize mambo ambayo huenda mwalimu hakuyaandika ubaoni. Aulize nani anakunywa maji yetu baada yetu. Aulize tunadaiwa na nani aliye mnyonge hata hathubutu kudai. Aulize kitu gani tumekiweka chini ya lundo. Na lau sisi tungelikuwa na usemi katika skuli hizo, tungelitaka somo lake lisifanywe hotelini. Wakuu wapakiwe katika basi, walale Webuye siku tatu katika nyumba zenye mabati yaliyotoboka, mvua ikinyesha. Kisha wapande Kitale wakamwone mkulima anavyoanika mahindi kando ya lami kwa kuwa hana pengine, lori likipita likimpulizia vumbi.

Ama waliosema jambo hili si letu, twawakumbusha kwamba kampuni si lazima iwe na jumba. Mwenye majahazi matatu na mabaharia kumi ni mkuu. Mwenye malori yanayopakia Kitale na kushusha Kongowea ni mkuu, na dereva wake asiyelala ni dhima juu yake. Kamati ya msikiti inayokodisha maduka ya wakfu na kumcheleweshea mwadhini mshahara wake, nayo ni baraza la wakurugenzi.

Kuanzia Jumamosi ijayo, insha'Allah, darsa letu la baada ya Maghribi litasoma mlango wa biashara, tukianza na hukumu ya kasoro iliyofichwa na haki ya mnunuzi kurudisha. Tumemwomba mmoja wa ndugu zetu anayefanya kazi katika ghala la nafaka aje na kipimo cha unyevu atuonyeshe namna kinavyotumika. Wenye maduka ya unga na wenye malori twawaomba wahudhurie, na kila mmoja wao alete konzi moja ya mahindi kutoka katika gunia lake.